Mwanangu Kafa Safarini

Bibi yangu mzaa mama aliwaita wajukuu zake wote wa kiume "mume wangu". Kaka zangu, binamu zangu, hata mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi, wote walikuwa waume zake, na utani ulikuwa ule ule: mume gani wewe hujaninunulia hata khanga, mume gani unamaliza ubwabwa halafu unaondoka. Mimi hakuniita hivyo hata siku moja. Mimi aliniita "mwanangu".

Siku nilipouliza, mama alinijibu huku anapeta mchele, hakuinua hata uso. "Wewe una jina la mtoto wake. Atakuitaje mume?"

Mtoto huyo ni mjomba wangu, aliyekwenda vita vya Kagera mwishoni mwa mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 23, na hakurudi. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata vita kumalizika, nikapewa jina lake kabla sijatimiza siku saba. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimekaa nalo miaka yote hii na bado nikiitwa kwa sauti kubwa barabarani huwa nahisi ameitwa mtu mwingine, halafu mimi ndiye nimegeuka.

Picha yake ipo moja tu. Ilipigwa studio, pazia la nyuma limechorwa bahari na mnazi uliopinda. Watu wa wakati ule walikwenda studio na redio au na saa ya kuazima, yeye alikwenda na baiskeli yake, Phoenix nyeusi, akaiingiza ndani na kusimama nayo, mkono mmoja kwenye usukani. Amevaa shati jeupe na suruali pana miguuni. Ukisogeza picha karibu na macho utaona kwenye mguu wa kulia, juu kidogo ya kiatu, kibanio cha nguo. Ndicho alichobania suruali isiingie kwenye mnyororo, na alipofika studio alisahau kukitoa. Nimeiangalia picha hii mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote maishani mwangu, na kila mara jicho langu huishia kwenye kibanio. Kinaniambia kwamba alikuja akiendesha mwenyewe, kwamba alikuwa na haraka, kwamba alitaka sana ile picha.

Alikuwa utingo. Lori lilikuwa la mtu binafsi, likibeba mbao na saruji, na yeye ndiye aliyepakia, aliyeshusha, aliyeweka jiwe nyuma ya tairi kwenye mlima, na usiku akalala juu ya mzigo. Alimaliza darasa la saba na hakuendelea. Nyumba yao ilikuwa Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani mpangaji kila mmoja na jiko lake. Leo pale pamesimama ghorofa la maduka ya nguo na simu, na hata mimi niliyezaliwa humo inabidi nihesabu kona ili nijue mlango ulikuwa wapi. Nyumba nzima ilikuwa Yanga, yeye peke yake Simba, na mama anasema aliendelea kuiita Sunderland miaka kadhaa baada ya jina kubadilika, kwa ukaidi tu.

Na alikuwa mgambo. Jioni alikwenda mazoezini na vijana wenzake wa mtaani, wakafundishwa kwata na kushika silaha, kama walivyofanya vijana wengi wa zama zile. Hakuna aliyedhani ule mgambo wa jioni ungemfikisha Uganda.

Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba sasa mpaka ni mto. Watu waliuawa, wakatekwa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikakombwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na hotuba ile ya uwezo, sababu na nia ikarushwa na Radio Tanzania. Mama alikuwa na miaka 14. Anakumbuka kwamba barazani kwa jirani mwenye redio watu walikaa hadi barabarani, na kwamba ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Walinyamaza. Halafu mzee mmoja akainuka akakung'uta kanzu yake, na wote wakainuka.

Jeshi liliongezeka zaidi ya mara mbili katika miezi michache, na walioongezwa walikuwa mgambo, vijana wa JKT, polisi, magereza. Malori ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kwa kazi ya vita. Lile la tajiri wa mjomba nalo likachukuliwa. Ndipo alipomwambia bibi neno ambalo familia yetu inalirudia mpaka leo: "Lori limekwenda, mimi nibaki nafanya nini?" Nilipokuwa mdogo nililisikia kama neno la kishujaa. Sasa nadhani alimaanisha hivyo hivyo alivyosema. Kazi yake ilikuwa imeondoka, wenzake wa mgambo walikuwa wameitwa, na yeye alikuwa na miaka 23.

Waliondoka kwa treni ya reli ya kati, Dar hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba. Bibi alimsindikiza stesheni na andazi kumi ndani ya kitambaa. Hakuruhusiwa kufika kwenye behewa, akampa askari mmoja ampelekee. Hakujua kama yalimfikia. Nilimsikia akilisema hilo zaidi ya mara moja, miaka thelathini baadaye, na kila mara alilisema kama jambo ambalo bado linafanyiwa uchunguzi.

Barua yake ipo moja. Karatasi ya daftari, mistari ya bluu, imekunjwa mara nne na kwenye mikunjo imeanza kuachia. Inaanza kama barua zote za wakati ule: salaam nyingi sana, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali zenu, ama mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikwama hapo. Kijana yuko vitani, na hofu na mashaka ni juu ya watu walioko Kariakoo wanakaanga samaki. Lakini nimeisoma tena na tena na sidhani kwamba aliandika kwa mazoea tu, kwa sababu yanayofuata yote ni juu ya nyumbani. Anauliza kama paa la uani limezibwa maana masika yameshaingia. Anauliza kama dada yake, yaani mama yangu, bado anakohoa. Anasema amefundishwa kuendesha na sasa anashika usukani mwenyewe, si utingo tena. Halafu anaandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine: BAISKELI MSIMWAZIME MTU. Mnyororo upakwe mafuta kila mwezi. Tairi la nyuma lina pancha ndogo, fundi anaijua.

Kuhusu vita hakuna hata neno moja, isipokuwa kwamba huko mvua ni nyingi na ndizi ni nyingi.

Tarehe iliyo juu ya barua ni 19 Aprili 1979. Nawaomba muishike tarehe hiyo.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Mjini kulikuwa na shangwe, na nyumbani kwetu watu walianza kuhesabu siku. Bibi alipaka chokaa chumba cha mbele. Mwezi wa tano, siku moja baada ya Alasiri, balozi wa nyumba kumi alikuja na wanaume wawili waliovaa kombati. Mama anasema bibi aliwatandikia mkeka, akawauliza kama wamekula, akaenda kuwaletea maji, akarudi, akakaa, ndipo akasema, "Haya, semeni."

Maiti haikuja. Iliswaliwa swala ya ghaibu, matanga yakakaa, arobaini ikasomwa hitma. Vita vyenyewe vilimalizika tarehe 3 Juni, wiki chache baadaye.

Sasa, mimi nimekua nikijua kwamba mjomba wangu alikufa Lukaya. Sijui nani alianza kusema hivyo, na kila ninayemuuliza anamtaja mwingine. Lukaya ni mji ulio kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, pembeni mwa kinamasi, na tarehe 10 na 11 Machi 1979 palipiganwa pale vita kubwa kuliko zote za Kagera. Wanajeshi wa Libya waliokuja kumsaidia Amin walikuwapo. Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilisukumwa nyuma usiku, ikajipanga upya, na kesho yake brigedi ya 208 ikatokea upande wa nyuma wa adui na vita ikageuka. Kwa mgambo wa Kariakoo, hiyo ilikuwa hadithi inayomkaa sawasawa. Nyumbani ikanogeshwa: alikuwa anamvuta mwenzake aliyejeruhiwa, kombora likaangukia kati yao. Mimi niliipeleka shuleni. Kila ilipokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, niliisimulia darasani na kila mwaka niliongeza kitu. Niliwahi kwenda Mnazi Mmoja na kaka yangu kuangalia sherehe kwa mbali, Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, na wengine upinde na mishale na shoka. Baragumu ilipopigwa nililia, nikajivunia kulia.

Nilikuwa kidato cha pili nilipoomba nionyeshwe barua. Mama aliitoa kwenye sanduku la bati akanipa niisome nikiwa nimekaa, nisije nikaichana. Nikasoma juu: 19 Aprili 1979. Nikarudia. Mtu aliyekufa Lukaya mwezi wa tatu hawezi kuulizia paa la uani mwezi wa nne.

Nilimfuata bibi uani. Alikuwa anasuka ukili, miguu ameinyoosha. Nilimuuliza kwa ukali ambao leo unaniumiza, kama vile yeye ndiye aliyenidanganya. Hakuacha kusuka.

"Mimi nimewaambia miaka yote," alisema. "Mwanangu kafa safarini. Nyie ndio hamsikii."

Na kweli alisema hivyo siku zote. Kila mgeni alipouliza, kila ilipotajwa vita, bibi alijibu "mwanangu kafa safarini", na sisi sote tulidhani ni namna ya watu wazima kulitaja jambo zito kwa upole, kama wanavyosema fulani ametangulia. Kumbe alikuwa anaeleza kilichotokea.

Mwaka 1980 mwenzake mmoja wa mjomba alikuja kumwona bibi, kijana aliyekuwa naye kikosi kimoja. Alimweleza yote, mchana mmoja, wawili peke yao. Lori lilikuwa limebeba unga kupeleka kwa askari waliokuwa mbele. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Ilikuwa usiku, kwenye mteremko, na breki hazikushika. Lilipinduka upande wa kushoto. Aliyekuwa amelala juu ya magunia alirushwa majanini akapona, naye ndiye aliyekuwa akisimulia. Mjomba alikuwa kwenye usukani. Kijana yule alitaka kumwambia bibi kwamba alikufa palepale, hakuteseka, na bibi alimkatiza akamuuliza kama kweli. Akanyamaza kidogo, akasema, "Aliishi mpaka alfajiri, mama." Bibi alimshukuru kwa kutomdanganya. Akampikia.

"Mbona hukutuambia hivyo?" nilimuuliza.

"Nimekwambia sasa."

Nitasema ukweli, nilikaa muda mrefu nimemkasirikia mjomba. Nilikuwa na miaka 15 na nilikuwa nimenyang'anywa kombora. Breki! Unga! Shuleni sikuitaja tena habari yake, na mwalimu wa historia aliponiomba nisimulie kama kawaida yangu, nilisema naumwa koo.

Kilichonirudisha kwake ni hesabu, na ilikuja nikiwa mtu mzima. Takwimu iliyotolewa na Tanzania ni kwamba askari wetu 373 walikufa katika vita ile, na kati yao waliouawa katika mapigano ni 96. Nilipoiona nilitoa moja kwa nyingine kwenye kipande cha gazeti. Wanabaki 277. Katika kila wanne, karibu watatu hawakufa kwa risasi ya adui. Walikufa kwa ajali na maradhi na mambo mengine ambayo hayaimbiwi. Mjomba wangu yuko na wengi. Nami miaka yote nilikuwa namvuta nimtoe kati ya wenzake nimpeleke kwa wale 96, kama vile kule alikokuwa ni aibu.

Na jeshi lile lilitembea kwa miguu. Kutoka Mutukula mpakani hadi Kampala, kisha mbele hadi mpaka wa Sudan, askari walikanyaga matope, na walikula kwa sababu kuna watu walioendesha malori mabovu usiku kwenye mvua.

Halafu fikiria mahali alipozaliwa. Kariakoo ni jina la wabebaji mizigo wa jeshi la Kiingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliokaa pale. Watu wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo, na leo ukimwambia mtu unakwenda Kariakoo anadhani unakwenda kununua viatu. Wabebaji wale walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika ya Mashariki, na wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Walibeba unga na risasi za wengine. Mjomba alizaliwa kwenye mtaa wenye jina lao na akafa kwa kazi yao, miaka sitini baadaye.

Wana kumbukumbu yao, na iko mahali ambapo tunapita kila siku. Ile Sanamu ya Askari pale Samora na Azikiwe, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha askari ameinama na singe imeelekezwa bandarini. Aliyesimama juu ni askari peke yake. Lakini ukisogea ukasoma maandishi, yapo na ya Kiswahili, utakuta wametajwa: kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Na chini yake kuna ahadi, kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Nimesimama pale mara nyingi jioni kabla ya kwenda kupanda daladala Posta, watu wananikwepa, wauza miwani wananiita bosi. Mjomba hakuwa na mtoto. Hakuwa hata na mchumba ambaye familia inamjua. Waliotunga maneno yale hawakumfikiria kijana wa namna hiyo, na wengi wa wanaokufa vitani ni wa namna hiyo. Bibi ndiye aliyemfikiria. Alimsubiri binti yake ajifungue, akaangalia kama ni mwanamume, akalitoa jina.

Mwaka 2009 nilikwenda Kaboya, wilaya ya Muleba, walikozikwa askari wetu wa vita ile. Ni safari ndefu kwa basi na sitaieleza. Kuna mnara mweupe wenye majina. Nilipitisha kidole kwenye safu, taratibu, na nilipofika kwenye jina letu nilisimama. Sikuwa nimejiandaa kulisoma jina langu mwenyewe kwenye jiwe la makaburini. Mwongozaji wangu aliniuliza ni nani wangu. Nikasema mjomba, kisha nikamwonyesha kitambulisho changu, sijui kwa nini, na yeye akakitazama, akatazama jiwe, akakirudisha kwa mikono miwili.

Niliporudi Dar nilimweleza bibi. Alikuwa haoni vizuri tena. Hakuuliza juu ya mnara. Aliuliza, "Pana kivuli?" Nikamwambia pana majani mengi na upepo wa ziwani. "Mvua nyingi, eh," akasema. Alikuwa akiikumbuka barua.

Bado sijasimulia ile baiskeli. Baada ya vita Mwalimu aliwaambia watu wafunge mikanda miezi 18, na miezi ile ikawa miaka. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga foleni, na unga ulipopatikana ulikuwa ule wa njano tuliouita unga wa Yanga. Baiskeli ilikaa kwenye chumba cha mbele, ukutani, imefunikwa shuka. Bibi aliipaka mafuta mnyororo kila mwezi, mwenyewe, kwa kitambaa, na hakuna aliyeazimwa. Mwaka 1983, nikiwa na miaka mitatu, niliugua sana na nyumbani hakukuwa na kitu. Asubuhi moja baiskeli haikuwapo ukutani. Mama anasema hakuna aliyeuliza, na bibi hakuwahi kuitaja.

Alifariki mwaka 2011. Siku zake za mwisho alikuwa akiingia na kutoka, anatujua asubuhi, mchana hatujui. Usiku mmoja zamu ya kukaa naye ilikuwa yangu. Feni ilikuwa ikizunguka, nami nilikuwa nimesinzia kwenye kiti. Akaniita kwa jina, waziwazi, kwa sauti ya mtu mzima mwenye nguvu zake.

"Naam, bibi."

Akageuza uso kuelekea ninapokaa. "Umefika saa ngapi?"

Nilielewa. Nilisogeza kiti. "Sasa hivi, mama. Nimefika sasa hivi."

"Umekula?"

"Nimekula."

Akakaa kimya muda mrefu nikadhani amelala. Kisha mkono wake ukaanza kunitafuta juu ya shuka mpaka ukanipata.

"Baiskeli niliiuza, mwanangu," alisema. "Mtoto alikuwa anaumwa. Usinikasirikie."

Nilimwambia hainisumbui. Nilimwambia tairi la nyuma lilikuwa na pancha tangu zamani, na kwamba mtoto alipona.